Niliyoyasema Mbele ya Jeneza (6)

Wiki jana niliishia pale Wilhelmina alipofunga droo yake, kadi yangu ya pensheni ikiwa ndani, akaniambia kwa upole kabisa: "Baba, mwisho Ijumaa saa nne asubuhi. Baada ya hapo mimi sina la kufanya."

Wengi mmenitumia ujumbe. Msomaji mmoja wa Geita kaniandikia maneno manne tu: "Mzee, wewe ni mjinga." Ahsante sana, ndugu yangu. Ningekuwa na akili, hadithi hii isingekuwepo na wewe usingekuwa na cha kusoma.

Kwa aliyelikuta gazeti hili leo likiwa limefungia vitumbua, nieleze kwa kifupi.

Naitwa Salehe, miaka sitini na nane, mstaafu wa kiwanda cha nguo, mkazi wa Mabatini, Mwanza. Miezi minne iliyopita alifariki kaka yangu Iqbal. Jeneza lilipowekwa mbele tuliswalie, imamu akauliza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu naye ajitokeze. Hapo mtu wa familia hujibu kwa sauti ya chini, "Wawaone warithi, tutazungumza." Basi, watu wanaswali, wanazika.

Mimi nikasimama. Nikakohoa. Nikaona watu ni wengi, wengine wamevaa vizuri, na mdomo wangu ukaona hapo ndipo mahali pake. Nikasema: "Anayemdai kaka yangu aje kwangu mimi Salehe, Mabatini, nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga. Hata kama ni milioni mia!"

Watu wakasema mashallah. Sijawahi kununua neno kwa bei kubwa kama ile mashallah.

Iqbal alikuwa akiuza nyavu na mashine za mitumbwi. Aliuzunguka ukanda wa ziwa wote, na kila alipolala aliacha deni. Ndipo nikajifunza uzeeni jiografia ambayo shuleni hawakunifundisha. Hapa mjini mzee anadaiwa na daftari la duka na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, kijana anakuja kila jioni na peni sikioni. Wa Bukoba walikuja wazee wawili, wakali kweli, na ukali wao nikauelewa waliponieleza kwamba wao wenyewe wameshauza kahawa ambayo bado ni maua mtini. Akaja Luhende wa Sengerema, miaka sabini, ambaye aliweka shamba lake la mpunga rehani ili amkopeshe Iqbal mashine ya mtumbwi. Zamani angengoja kivuko pale Kigongo, hasira zikapoa kidogo njiani. Siku hizi kuna daraja. Alifika kwangu saa moja asubuhi, hasira bado za moto.

Ili nimlipe Luhende, nilikopa milioni saba kwa Wilhelmina. Nikaweka nyumba. Riba asilimia ishirini kwa mwezi, ukichelewa kuna faini, na faini nayo ina riba. Wiki hiyo zilikuwa zimefika milioni kumi na mbili na laki nne. Ama hela, ama nyumba, Ijumaa saa nne.

Na Mboni, mke wangu wa miaka arobaini na moja, alikuwa hajui.

Mmeniuliza sana: huyo mkopeshaji alikubalije nyumba bila sahihi ya mke? Wiki zote tano nimelikwepa swali hilo kwa sababu naona haya. Leo najibu.

Sahihi aliiweka mwenyewe. Mboni magoti yanamsumbua, anapanda ngazi za kilima chetu cha mawe kwa kushika ukuta. Nikamwambia nimemletea fomu ya bima ya afya, ya wazee, nusu bei. Akajifunga mtandio mpya tukaenda kupiga picha ndogo. Miwani yake nilikuwa nimeificha kwenye mfuko wa koti langu. Akaitafuta, akaikosa, akacheka, akasema, "Uzee huu! Nionyeshe basi niweke wapi." Nikaweka kidole changu kwenye karatasi, naye akatia sahihi pale pale kidole kilipokuwa.

"Mungu akulipe, Baba Suhaib," akaniambia.

Jioni nikaiweka miwani juu ya kabati kama vile ilipotea yenyewe. Tangu siku ile ameifunga kamba, inaning'inia shingoni, isipotee tena. Kila nikiiona ile kamba najisikia vibaya. Haya, nimesema.

Sasa tuingie kwenye Alhamisi.

Asubuhi nilikuwa sebuleni nakunywa chai, nimeazimia kumwambia. Usiku kucha nilikuwa nimeyapanga maneno. Mboni akatoka uani, akasimama mlangoni akikanda goti.

"Baba Suhaib, zile kadi za bima vipi? Mwezi wa tatu huu."

"Mtandao unasumbua."

"Mtandao gani unasumbua miezi mitatu? Mimba tu ingekuwa inaonekana!"

"Mboni..."

"Abee?"

Nikamtazama. Nikaitazama ile kamba shingoni.

"Chai ina tangawizi nyingi," nikasema.

"Basi kesho utajichemshia," akajibu, akarudi uani kwenye jiko lake.

Mnaweza kuniuliza kuhusu mwanetu Suhaib. Yuko Dar, ana mkopo wa bajaji. Siku hizi tukipigiana simu, kila mmoja anaharakisha kukata kabla mwenzake hajaomba.

Mara, hodi.

Nikafungua. Amesimama mzee mrefu mwembamba, kofia ya pama, viatu vina vumbi la safari. Kitu kimoja kilinishangaza: mtu mwembamba vile, lakini tumbo limejaa, na mkono mmoja haubanduki hapo tumboni. Nikadhani mgonjwa. Halafu nikajisemea, mgonjwa au mzima, huyu ni mdai wa kumi na tano.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia, maana alinizidi umri. Kabla hajaitikia nikaendelea: "Kama ni deni la Iqbal, leo sina. Njoo Jumamosi."

"Marahaba. Jumamosi ni Sabato, mimi sisafiri."

"Njoo Jumapili basi."

"Wewe ndiye yule uliyesema milioni mia?"

"Ndiye mimi."

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Binti wa dada yangu anauza dagaa hapo sokoni. Aliniambia ni mzee mfupi, lakini sikujua kama ni mfupi hivi."

Nikamkaribisha ndani. Akakaa kwenye kochi pole pole, mkono bado tumboni. Akasema anaitwa Zadok, anatoka Rorya, Mara, kijiji cha pwani ya ziwa. Amelala stendi ya mabasi.

"Bwana Salehe, mimi na kaka yako tumejuana miaka ishirini. Aliniuzia nyavu. Mwaka mmoja biashara ilimwendea vizuri, akanunua mitamba miwili, akaiweka kwangu. Kwetu mtu humwekea rafiki yake ng'ombe. Maziwa nakunywa mimi, samadi natia shambani kwangu, ndama ni wa mwenyewe."

"Mliandikishana?"

"Kuandikishana nini? Tulikuwa na mashahidi wanne. Wawili wamekufa, wawili wapo." Akavuta pumzi. "Ile mitamba miwili imezaa, na watoto wamezaa. Mwaka huu walikuwa ng'ombe kumi na tisa."

Nikaweka kikombe chini.

"Kabla hajafa alinipigia simu," Zadok akasema. "Sauti yake ilikuwa ndogo. Akaniambia, Zadok, uza madume yote, nataka nilipe watu kabla sijaondoka. Nikawapeleka mnadani, madume kumi na moja. Nilipopata hela nikampigia nimwambie. Simu ikaita, ikaita. Nikapiga siku nzima."

Sikujua kwamba kaka yangu alikuwa amehangaika hivyo siku za mwisho. Mimi alikuwa akiniambia anajisikia nafuu.

"Sisi kwetu mali ya marehemu haimfuati mtu, mtu wake ndiye anayeifuata. Nikangoja. Mwezi, miwili, minne. Hakuja mtu. Halafu binti wa dada yangu akanieleza maneno yako pale mbele ya jeneza. Akaniambia mliuliza pia anayedaiwa."

"Ndiyo desturi."

"Basi mimi nadaiwa. Nimejitokeza."

Ndugu zangu, nimeswalia maiti wengi tangu nikiwa kijana. Kila mara tunatangaza "na anayedaiwa naye ajitokeze", na kila mara waliokuwa wakidaiwa wanatazama viatu vyao. Leo amejitokeza mmoja, tena dini yake si yangu, tena amelala stendi.

Zadok akainua shati. Lile tumbo lilikuwa mkanda wa kitambaa ulioshonwa kwa mkono, umejaa. Akaufungua, akaanza kupanga juu ya meza mafungu ya noti za elfu kumi kumi yaliyofungwa kwa mipira. Fungu moja, mawili, matatu.

"Milioni kumi na tatu na laki mbili," akasema. "Majike nane wamebaki zizini, hao ni shauri la baadaye."

Hesabu ilijifanya yenyewe kichwani. Toa kumi na mbili na laki nne za Wilhelmina. Zinabaki laki nane. Nyumba imepona. Na kwa laki nane ningeweza kumkatia Mboni bima ya kweli, kadi zikatoka, akazishika mkononi, na ule uongo ukawa kama haukuwahi kuwa uongo.

Nikaibana mikono katikati ya magoti, isije ikayagusa yale mafungu.

"Ila kitu kimoja," Zadok akasema. Mkono wake mrefu ukalala juu ya mafungu. "Hela ya marehemu siwezi kumpa mtu kwa sababu tu ana sauti kubwa. Iqbal niliyemjua mimi alikuwa na yule mke wake wa kwanza, aliyetangulia, na hawakujaliwa mtoto. Baadaye sikuwahi kufika huku. Kuna mtoto aliyemwacha?"

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mtanichukia.

Iqbal alioa tena akiwa na miaka sitini na mbili. Mkewe anaitwa Nusrat. Wana watoto wawili: Hadiya wa miaka saba, na mdogo wake wa miaka mitatu. Wanaishi chumba cha kupanga kule Mkolani, na kodi inaisha mwezi huu. Nusrat anapika uji asubuhi auze barabarani. Hadiya ameng'oka meno mawili ya mbele, na kila nikienda ananikimbilia, "Baba Mdogo, angalia!" ananipanulia mdomo nione pengo.

Ningeweza kusema ukweli. Tungekwenda Mkolani, tukakaa na Nusrat, imamu akaitwa, mirathi ikafunguliwa mahakamani. Labda hata mimi ningerudishiwa nilichowalipa watu. Lakini hiyo ni miezi. Mimi nilikuwa na mpaka kesho saa nne.

Tena nikajifariji hivi: Iqbal mwenyewe alitaka hela hizi zilipe madeni. Madeni nimelipa mimi. Kwa hiyo hela ni zangu, naiba nini hapo? Niliyarudia maneno hayo kichwani haraka haraka mara mbili.

"Bwana Salehe," Zadok akasema. "Nimekuuliza."

Nikamwangalia usoni.

"Hakuacha mtoto," nikasema.

Zadok akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Pole sana. Pole kweli." Akaondoa mkono juu ya mafungu.

Pazia la uani likafunguka.

Mboni aliingia na sinia, vikombe viwili na birika. Sikujua amesimama pale tangu lini. Aliweka sinia mezani, pembeni ya zile hela, hakuzitazama hata kidogo. Akammiminia mgeni kwanza. Akaongeza sukari. Akanimiminia na mimi mpaka kikombe kikajaa kikamwagika, na hakufuta.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama."

"Utamsamehe mume wangu. Tangu kaka yake afariki, kichwa hakijatulia. Juzi katoka hapa na viatu viwili tofauti." Hilo lilikuwa kweli. "Iqbal ameacha mke, jina lake Nusrat, na watoto wawili. Wapo Mkolani. Hela hizo ni za wale yatima."

Nilisikia mashine ya kusaga kule nje.

"Ni kweli, bwana Salehe?"

Nikafungua mdomo. "Ni kweli," nikasema. "Nilisahau."

"Ulisahau watoto wa ndugu yako," Zadok akasema. Hakuniuliza. Akaanza kurudisha mafungu kwenye mkanda, moja moja, bila haraka. Kila moja lilipoingia nilitaka kupiga kelele.

Mboni akakaa kwenye mkono wa kochi, akajaribu kuyasafisha mambo, amwondolee mgeni uzito. Ni mwanamke mwenye utu, huyo. Hata akikasirika hakuvui nguo mbele za watu.

"Sisi, mzee wangu, tunamshukuru Mungu hatuna shida," akamwambia. "Pensheni inaingia. Nyumba ni yetu, hakuna anayetudai hata tofali. Nilikaanga maandazi miaka kumi na minne kwa ajili ya nyumba hii. Haya mabati unayoyaona hapo juu yote ni maandazi! Wazee wangapi wa hapa Mwanza wana hivyo? Hatujafika pa kula mali ya yatima."

"Hongera, mama," Zadok akasema.

Mimi nilikuwa natazama chai iliyomwagika.

Mboni akachukua simu akampigia Nusrat, akaweka sauti ya nje. Nusrat hakuamini. Akauliza, "Ng'ombe? Ng'ombe gani, shemeji?" Alipoelewa alianza kulia, na nyuma yake nikamsikia Hadiya akiuliza, "Mama, nani kafa tena?" Mboni akamweleza namna ya kumpokea mgeni, akamwambia amwite na jirani mmoja mtu mzima awe shahidi. Halafu akamwita bodaboda anayemwamini.

Zadok alimaliza chai yake. Alitaka alale Mkolani, kesho alfajiri apande gari, awe kwake kabla jua la Ijumaa halijazama na Sabato kuingia. Nilimsindikiza mpaka nje. Nilitaka kumwambia yote, hata pale kando ya mtaro.

"Mzee, nisikilize kidogo. Nina shida ambayo..."

"Bwana Salehe," akanikatiza, akipanda pikipiki. "Nilitoka Rorya nikijua nakuja kumwona mtu jasiri."

Akaondoka. Nikabaki nimesimama nikilitazama vumbi.

Niliporudi ndani, Mboni alikuwa amenisubiri amesimama, mikono kiunoni. Ule utu wa mbele ya mgeni ulikuwa umeondoka na mgeni.

"Baba Suhaib, umekula nini leo?"

"Mboni, subiri."

"Hadiya! Unamkana Hadiya? Yule mtoto siku ya msiba alilala mapajani mwako mpaka asubuhi, leo hii unasema Iqbal hakuacha mtoto? Ulimi haukukatika?"

"Nilitaka..."

"Ulitaka nini? Tunakosa nini sisi? Niambie kitu kimoja, kimoja tu, tunachokosa mimi na wewe!"

Machozi yalikuwa yanamtoka. Sijamwona Mboni akilia tangu azikwe mama yake. Akaivua miwani, akafuta macho kwa pindo la khanga, akaiacha ining'inie.

Nikasema moyoni: Salehe, leo leo. Kesho itakuwa si wewe unayemwambia.

"Kaa, Mboni. Nina neno."

"Sema nikiwa nimesimama."

"Kaa, tafadhali. Goti lako."

Akakaa. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, karibu, magoti yetu yakagusana. Sikumbuki mara ya mwisho tulipokaa hivyo. Uso wake ulianza kubadilika, hasira zikapungua, ikaja hofu.

"Unaumwa?" akaniuliza kwa sauti ndogo. "Umepima umeambiwa kitu?"

"Siumwi."

"Basi usinitishe hivyo, Baba Suhaib. Sema."

"Unaikumbuka ile fomu..."

"Hodi hapa!"

Hatukuitikia. Mlango ulikuwa wazi tangu nimsindikize Zadok, na mtu alikuwa ameshaweka mguu ndani. Kijana wa makamo, shati limenyooshwa, bahasha ya plastiki kwapani. Nyuma yake mwanamume mnene mwenye miwani ya jua, na wa tatu kashika futi ya kamba, ile ya mafundi.

Yule wa mbele nilimjua. Ni Chenge, dalali wa Wilhelmina.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee wangu. Mtatusamehe kuja leo, najua makubaliano ni kesho, lakini Ijumaa mambo ni mengi, na huyu bosi anasafiri. Anataka aone tu vyumba, tupime, tusiwasumbue."

"Mpime nini?" Mboni akauliza.

"Nyumba, mama."

Nikamkazia Chenge macho, nikatikisa kichwa kidogo, nikatikisa tena. Chenge alikuwa anaangalia dari.

Mboni akacheka. Ndiyo, alicheka, macho bado yana maji. "Mwanangu, mmekosea nyumba. Hii haiuzwi."

"Si nyumba ya tatu kutoka mashine ya kusaga?"

"Ndiyo hii."

"Kwa Mzee Salehe?"

"Ndiye huyu hapa."

"Basi ndiyo yenyewe, mama." Yule mnene alikuwa ameshaingia ndani, anagonga ukuta kwa vidole, anasikiliza. Mwenye futi alikuwa anaivuta kutoka mlangoni kuelekea dirishani, ikapita juu ya miguu yetu.

"Nyie! Hebu tokeni!" Mboni akapaza sauti. "Baba Suhaib, mbona umekaa? Waambie!"

Chenge akaona mambo yanakuwa mabaya. Si mtu mbaya, Chenge. Anafanya kazi yake. Akafungua bahasha, akatoa karatasi moja, akampa Mboni kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima.

"Mama, mimi sijaja kwa ubabe. Wewe mwenyewe uliridhia. Si picha yako hii?"

Mboni akaipokea, akaisogeza mbali na macho, akaiona ile picha ndogo pembeni. Mtandio mpya. Uso wake ukang'aa.

"Hee! Si ndiyo fomu yangu ya bima hii!" Akanigeukia. "Baba Suhaib, kumbe imetoka? Imefikaje kwa hawa?"

Chenge alinitazama mimi, na nadhani hapo ndipo alipoelewa, maana alishusha macho.

Mboni akaishika ile kamba shingoni. Akaipandisha miwani, akaipulizia, akaifuta kwa khanga, kioo kimoja, halafu cha pili. Akaivaa.

Anasoma kama alivyofundishwa utotoni, kwa sauti, na kidole kinafuata chini ya maneno.

"Mimi... Mboni... mke halali wa Salehe... kwa hiari yangu... nikiwa na akili timamu... naridhia... nyumba..."

Kidole kikasimama hapo.

Hakuniangalia. Alikirudisha kidole juu kabisa ya karatasi, kwenye jina lake, akaanza kusoma tena tangu mwanzo.